Kwanza Hesabu Siku: Mwongozo kwa Mfugaji wa Tabora Mwenye Wanambuzi Wanaoharisha

Kabla hujafungua chupa ya dawa, hesabu siku. Mwanambuzi aliyezaliwa juzi akiharisha, ugonjwa wake ni tofauti na wa mwenzake wa wiki tano anayelala naye zizi moja, hata kama mikia yao imechafuka kwa rangi ile ile. Muuza dawa za mifugo atakuuliza una shilingi ngapi, pengine na uzito wa mnyama. Tarehe ya kuzaliwa huulizwa mara chache. Iandike basi, kwa chaki kwenye mlango wa zizi, kwenye daftari au kwenye simu. Tarehe hiyo inakuondolea nusu ya kubahatisha.

Haya nawaandikia wafugaji wa Nzega, Igunga, Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua, wenye mbuzi wa kienyeji na kondoo wachache wanaolala nyuma ya nyumba. Mwanambuzi wa kwetu huzaliwa na kilo moja na nusu hadi mbili na kitu. Mwenye kilo mbili akipoteza maji ya kikombe kimoja cha chai, yaani mililita 200, ameshapoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hapo yuko karibu na kufa. Ndiyo maana anayeonekana mzima wakati wa kufunga zizi jioni hukutwa amelala chali asubuhi, na watu wakasema amelogwa.

Jambo moja la kukutuliza kwanza: kinyesi cha njano, laini na chenye kunata ni cha kawaida kwa anayenyonya wiki ya kwanza. Kikigandamana chini ya mkia mpaka kikaziba, kilainishe kwa maji ya uvuguvugu ukifute. Cha kuogopa ni kinyesi kinachotiririka, kinacholowesha mapaja mpaka kwenye vifundo vya miguu, hasa kama mtoto ameacha kumfuata mama yake.

Siku nne za kwanza

Akiharisha maji ya njano au meupe kabla ya kutimiza siku nne au tano, mshukiwa wa kwanza ni bakteria E. coli. Jina hilo limetokana na Theodor Escherich, daktari wa watoto wa Kijerumani aliyemweleza bakteria huyu mwaka 1885 baada ya kumkuta katika kinyesi cha watoto wachanga. Aina zake nyingi zinaishi tumboni mwetu na mwa mifugo bila ugomvi. Ila zipo chache zenye vinywele vya kung'ang'ania ukuta wa utumbo mwembamba, na zikishang'ang'ania hutoa sumu inayoamrisha ukuta huo umwage chumvi na maji. Utumbo wa mtoto wa siku chache una sehemu za kushikwa na vinywele hivyo. Akikua kidogo sehemu hizo hupungua, na bakteria huyo huyo anapita tu.

Sumu hiyo haimtafuni mnyama. Inamkausha. Mfugaji akilielewa hilo, ataacha kutafuta kwanza sindano ya kuua bakteria wakati mtoto anakufa kwa kiu.

Kipindupindu huua watu kwa namna hiyo hiyo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe, hapa Tabora, kwenda Ujiji ilikuwa mojawapo ya njia kuu za Afrika Mashariki, na kwenye njia za namna hiyo, katika karne ya 19, kipindupindu nacho kilisafiri pamoja na wapagazi. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu Zanzibar, aliufuatilia mwendo wa ugonjwa huo kwenye njia za biashara na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1876. Waliokufa kambini waliishiwa maji na chumvi, kama anavyoishiwa mwanambuzi wako. Tiba iliyokuja kuwaokoa watu ilichelewa karibu karne nzima. Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji kwa kunywa mchanganyiko wa glukosi na chumvi. Sumu inamwaga maji nje, lakini mlango unaoingiza glukosi na chumvi kwa pamoja unabaki mzima, na maji hufuata humo humo. Mlango huo mwanambuzi anao pia.

Kunywesha

Nunua pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko huo wa glukosi na chumvi, kwenye duka la dawa za binadamu, ile ya gramu 20.5 inayochanganywa na lita moja. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe na joto la mwili, changanya pakiti nzima katika lita kamili. Usipunguze maji ili "iwe kali", wala usiongeze chumvi. Chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini na kumaliza kazi ambayo bakteria alikuwa ameianza.

Anayeharisha sana anahitaji kati ya mililita 150 na 200 kwa kila kilo ya uzito kwa siku moja. Mwenye kilo mbili, basi, apate mililita 300 hadi 400, zikigawanywa mara sita au nane, mchana na usiku. Kila mara ni mililita 50 hivi. Tumia chupa yenye chuchu, au bomba la sindano lisilo na sindano, ukipenyeza pembeni mwa mdomo taratibu. Kichwa kiwe usawa wa mgongo wake. Ukikirudisha nyuma maji yanaingia kwenye mapafu, na utamzika kwa nimonia uliyomtia mwenyewe.

Kabla ya kumnywesha, mtie kidole safi mdomoni. Akikinyonya, endelea. Kama hanyonyi na mdomo una ubaridi, usimlazimishe. Mpashe moto kwanza ndani ya boksi lenye chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, na mwite mtaalamu wa mifugo, kwa maana aliyefikia hapo mara nyingi anahitaji glukosi ya kudungwa au mrija wa kufikisha chakula tumboni. Mrija huo ni rahisi kwa aliyefundishwa na ni kifo kwa asiyejua. Vuta pia ngozi ya shingo kwa vidole viwili uiachie: ikisimama kwa sekunde kadhaa kabla ya kurudi, na macho yameingia ndani, umechelewa kidogo na usipoteze saa nyingine.

Asiachishwe maziwa. Mwache na mama yake, umpe ORS katikati ya nyakati za kunyonya. Usiichanganye na maziwa kwenye chupa moja, kwa sababu huzuia maziwa yasigande vizuri tumboni.

Sasa suala la sukari. Sote tumefundishwa kliniki mchanganyiko wa vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa ajili ya watoto wetu. Kwa mwanambuzi na mwanakondoo wachanga haufai. Utumbo wao hauna kimeng'enya cha kuivunja sukari ya mezani, kwa hiyo inabaki humo, inavuta maji na kuharisha kunazidi. Uji nao una shida hiyo hiyo, kwani wanga hawaumudu bado. Na asali, ambayo Tabora hatuna uhaba nayo? Ina glukosi, kweli, lakini ina pia fruktosi nyingi ambayo utumbo huo mchanga hauifyonzi vizuri. Pakiti ya ORS haina gharama kubwa. Weka tatu nyumbani kabla ya msimu wa kuzaa.

Anayekufa akiwa amenona

Kuna kifo kingine kinachowachanganya wafugaji: mwanakondoo mwenye nguvu kuliko wote, aliyezaliwa peke yake, mama yake ana maziwa tele, anakutwa amekufa bila kuugua. Au analia, anakunja mgongo, anapiga teke tumbo lake, anatoa kinyesi chenye damu, na kabla ya jua kuzama amekwisha. Huyo mshuku Clostridium perfringens, bakteria wa udongoni na tumboni ambaye chakula kingi kikimfikia kwa mkupuo huzaana kwa kasi na kutoa sumu.

Aina B na C huua katika siku za mwanzo hadi wiki mbili au tatu. Mnyama mkubwa anaweza kuiharibu sumu yao kuu kwa kimeng'enya cha utumboni, lakini dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, ina kitu kinachokizuia kimeng'enya hicho ili kinga iliyomo isimeng'enywe. Kwa hiyo kinachoilinda kinga kinailinda sumu pia. Hilo lisikutishe ukamnyima mtoto dang'a; bila dang'a atakufa kwa sababu nyingine kumi.

Aina D huwapata wakubwa zaidi, hasa waliobadilishiwa chakula ghafla. Kwetu hatari yake ni wakati wa mavuno, mahindi yanapoanikwa uani na mbuzi wakakuta lango wazi. Kondoo mara nyingi hufa ghafla. Mbuzi huharisha maji yenye damu na vipande vya utando kwanza.

Ugonjwa huu ukishaonekana, tiba huwa nadra kuwahi. Kazi yake hufanywa mapema kwa chanjo. Majike huchanjwa wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa ili kinga iingie kwenye dang'a. Wanaochanjwa kwa mara ya kwanza wanahitaji dozi mbili zilizopishana wiki kadhaa. Kwa mbuzi kinga ya chanjo hii hudumu muda mfupi kuliko kwa kondoo, hivyo kurudia kila miezi sita ni busara pale ambapo vifo vimeshatokea. Uliza dukani wiki nyingi kabla, maana chupa hizi hazikai kwenye kila friji.

Salmonela

Bakteria huyu hachagui umri. Ukiona homa inayopita nyuzi 40.5 (joto la kawaida la mwanambuzi ni kati ya 39 na 40), kinyesi chenye harufu mbaya sana, ute na damu, na pengine majike yametupa mimba wakati huo huo, mfikirie yeye. Huingia na mnyama mgeni, panya, kuku wanaokunya kwenye hori, au maji ya lambo wanakobanana ng'ombe, mbuzi na kondoo wa vijiji vitatu mwezi wa Septemba.

Salmonela humwambukiza binadamu, na si yeye peke yake. Baadhi ya E. coli na bakteria aitwaye kampilobakta hufanya hivyo pia. Mwanambuzi mgonjwa asilazwe jikoni karibu na vyombo, na mtoto wako asimpakate. Nawa kwa sabuni kila ukimhudumia, chemsha maziwa. Ya kuwahi kisu kabla hajafa, naijua tabia hiyo na naielewa, nyama ni nyama; lakini huyu usimle.

Wasio bakteria

Kuanzia siku ya tano hadi wiki ya tatu hivi, vidudu vidogo viitwavyo kriptosporidia na virusi vya rota husababisha kuharisha pia, na antibayotiki haziwagusi. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne hadi kuachishwa kunyonya, mkosaji mkubwa ni koksidia: kinyesi cheusi au chenye damu, mtoto anajikamua kwa uchungu, manyoya yanasimama. Hapo dawa zipo, za salfa au amproliamu, kwa kipimo cha mtaalamu. Minyoo huja baadaye. Kumnywesha dawa ya minyoo mtoto wa siku tatu ni kutupa hela.

Ukiona kuharisha pamoja na vidonda mdomoni, makamasi mazito na machozi, tena kwa mbuzi wa rika zote, simama. Hiyo inaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008, na sheria inakutaka utoe taarifa kwa afisa mifugo. Chanjo yake imo katika kampeni ya taifa ya chanjo iliyozinduliwa mwaka 2025.

Kuhusu sindano

Oksitetrasaiklini, ambayo kila mtu anaiita OTC, imekuwa jibu la kila kitu vijijini: kikohozi, kuchechemea, kuharisha. Mtaniwia radhi, lakini nyingi ya sindano hizo hazikuhitajika. Antibayotiki ina nafasi yake pale mtoto ana homa, ana damu kwenye kinyesi, au amelegea kiasi kwamba bakteria huenda wameshaingia kwenye damu. Anayeharisha lakini bado anaruka na kunyonya anahitaji maji tu. Bakteria wa utumboni wanaopigwa dozi nusu nusu kila wiki hujifunza kuishi nayo, na siku unayoihitaji kweli haifanyi kazi. Ukianza, maliza siku zote ulizoelekezwa, na uheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kula nyama au kunywa maziwa.

Kazi yenyewe hufanyika kabla

Mbuzi hampitishii mtoto kinga akiwa tumboni. Kinga yote ya mwanzo imo kwenye dang'a, na utumbo huipokea kwa takriban saa 24 tu, nyingi yake katika saa sita za kwanza. Kipimo kizuri ni mililita 50 kwa kila kilo mara ya kwanza, ndani ya saa mbili ikiwezekana, na jumla ya mililita 200 kwa kilo hadi siku moja iishe. Kwa hiyo mwanambuzi wa kilo mbili anywe mililita 100 mapema, na afikie 400. Jike akizaa pacha, hakikisha wote wawili wamenyonya. Yule mdogo husukumwa pembeni na mfugaji anahesabu mikia tu. Kamua kila chuchu mara mbili kuondoa kizibo. Jike aliyefiwa na mtoto, au mwenye maziwa mengi, mkamue dang'a uihifadhi kwenye barafu ya friji ya jirani katika chupa ndogo. Ukiihitaji iyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe usiichemshe. Ya ng'ombe inaweza kusaidia ikikosekana ya mbuzi.

Kwenye mabanda, nitasema bila kuzunguka: zizi la kinyesi kilicholowa ndilo linaloua. Katika tembe za zamani mbuzi walilala jengo moja na wenye nyumba kwa kuogopa fisi na wezi, na sababu hizo bado zipo. Lakini kinachohitajika ni ukuta imara, na giza lenye unyevu halihitajiki. Banda la kichanja lenye sakafu ya fito zilizoachiana upana usiozidi wa kidole, ili mguu wa mtoto usitumbukie, huacha mkojo na kinyesi vidondoke chini. Huwezi kujenga? Zoa kila siku, mwaga majivu makavu (mabani ya tumbaku ya Urambo na Sikonge hayakosi majivu), weka nyasi kavu, na tenga kona ya kuzalia ambayo wagonjwa hawajawahi kulala. Osha kiwele kilichopakaa matope kabla mtoto hajakishika. Kitovu kichovye kwenye ayodini mara tu anapozaliwa. Udongo na samadi visikiguse.

Kisha kuna kalenda, ambayo naiona kuwa dawa ya bei rahisi kuliko zote na isiyotumiwa. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Mvua zetu huanza Novemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Beberu akipanda Mei, majike huzaa Oktoba: zizi kavu, lakini mama ni mifupa, dang'a kidogo. Akipanda Julai, watoto huanguka kwenye matope ya Desemba. Akipanda mwanzoni mwa Desemba, uzazi unaanza mwisho wa Aprili: mama amekula majani mabichi miezi ya mwisho ya mimba, kiwele kimejaa, na ardhi inakauka. Gharama yake ni kwamba kuachisha kunyonya kunaangukia kiangazi, hivyo kusanya majani ya karanga baada ya mavuno na uweke akiba ya mashudu ya pamba au ya alizeti. Beberu asiyefungika mfunge kipande cha ngozi au turubai chini ya tumbo, mbele ya uume, wafanyavyo Wamasai miaka yote.

Wakizidi kufa

Watoto wawili au watatu wakifa kwa dalili zile zile, acha kukisia. Tabora mjini kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Piga simu kwanza kupitia afisa mifugo wako. Kinyesi kichukuliwe moja kwa moja kutoka kwa mgonjwa ambaye hajapewa antibayotiki, kwenye kichupa safi chenye kifuniko, kiwekwe kwenye chombo chenye barafu bila kugandishwa, kifike siku hiyo hiyo. Mzoga una faida ukiwa wa saa chache tu; kwa joto la Oktoba, wa jana hauelezi kitu, kwa kuwa utumbo umeshaoza. Baada ya uchunguzi, au usipofanyika, zika kwa kina ambacho mbwa hawafikii.

Na unaponunua mbuzi mnadani, Igunga au kwingineko, usimwachie kundini jioni ile ile. Mfunge peke yake wiki tatu, mbali na majike yenye mimba, awe na ndoo yake na fagio lake. Mhudumie wa mwisho kila siku, baada ya kumaliza kwa wanambuzi, kisha osha viatu kabla ya kurudi kwao.